Macho yanayoichungua chai ya Kericho na Bomet

UKITOKA Nakuru kuelekea Kisumu, ukaacha barabara ya Eldoret pale Mau Summit na kuipita njia panda ya Londiani, utahisi kibaridi kikipenya dirishani mwa matatu. Muda si muda, mashamba ya mahindi na viazi yanakuwa machache, na badala yake inatawala rangi moja tu: kijani. Kijani kulia, kijani kushoto, kijani kikipanda mlima na kuteremka mtoni kama zulia lililotandazwa na fundi asiyependa kuacha upenyo.

Msomaji, karibu Kericho. Karibu Bomet pia, maana zulia ni lilo hilo moja. Bomet ilimegwa kutoka Wilaya ya Kericho mnamo 1992, na leo hizi ni kaunti mbili zenye magavana wawili, lakini mchai haujui mpaka. Ukifuata barabara ya Litein na Kapkatet hadi Kaplong, au ukikata kuingia Konoin na Mogogosiek, utasafiri kutwa nzima ukiwa ndani ya chai.

Nchi hii iko juu, mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi jua huwaka vizuri, na mchana mawingu hujikusanya kutoka upande wa msitu wa Mau na ule wa Ziwa Victoria. Ikifika alasiri mvua inanyesha, na mara nyingine ni mvua ya mawe inayotoboa majani na kuyachubua. Kwa hiyo ukija na watoto, tembeeni asubuhi, na kila mmoja abebe sweta.

Wageni wengi hupiga picha wakiwa wamesimama katikati ya michai, wakanunua pakiti mbili tatu mjini, wakaenda zao. Safari hii nakuomba usifanye haraka. Simama kando ya shamba ujiulize swali moja: ni nani anayeamua kwamba jani hili ni zuri na lile lina kasoro? Ukilifuata swali hilo kutoka mchaini hadi kikombeni, utakutana na macho mengi. Siku hizi, mojawapo ya macho hayo si la binadamu.

Jicho la mchumaji

Anza na yule mama unayemwona akiwa amefunga aproni ya plastiki kiunoni, kikapu mgongoni. Msalimie kwa Kikipsigis, “Chamgei!” naye atakujibu kwa tabasamu bila kusimamisha mikono. Vidole vyake vinatafuta kitu kimoja: majani mawili machanga na kichipukizi chao. Jani la tatu likiwa laini huenda likapita. Jani la nne limekomaa, lina nyuzi ngumu, na likiingia kikapuni litaharibu kazi ya watu wengi watakaofuata.

Mtazame kwa makini. Hana muda wa kulikagua kila jani. Macho yanaona rangi, kijani kilichopauka cha uchanga, na vidole vinahisi ulaini. Uamuzi unatoka kabla hujapepesa jicho. Huenda ukamwona akilaza ufito juu ya michai ili chipukizi zinazochumwa ziwe zile tu zilizopita kimo hicho. Mchai mmoja hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Ukicheleweshwa, majani yanakomaa.

Mashamba makubwa ya kampuni yalianza hapa katika miaka ya 1920, ingawa chai yenyewe ilikuwa imepandwa Limuru tangu 1903. Wakulima wadogo walipata nafasi yao baadaye, hasa baada ya KTDA kuundwa mnamo 1964 ikiwa halmashauri ya serikali. Mwaka wa 2000 ilibinafsishwa, na leo inahudumia zaidi ya wakulima 600,000 nchini kote. Viwanda kama Litein, Kapkatet, Momul, Mogogosiek, Kapset, Tirgaga na Kapkoros ni majina ambayo kila mtoto wa huku anayajua kabla ya kujua kusoma, kwa sababu karo yake inatoka humo.

Jicho la karani

Kutoka shambani, majani yanapelekwa kwenye kituo cha kununulia. Ni banda tu lililoezekwa mabati kando ya barabara, lina meza ndefu, mizani na foleni. Hapa ndipo utaona mtihani wenyewe. Mkulima anamwaga majani yake mezani. Karani anayapekua kwa viganja viwili, anainua konzi moja, anaitazama. Majani magumu yanatolewa. Yaliyoshindiliwa kwenye gunia yakapata joto hadi yakageuka mekundu nayo yanatolewa. Kilichobaki ndicho kinachopimwa kwa mizani ya kielektroniki, na mkulima anapewa risiti.

Sasa jiweke mahali pa huyo karani. Mbele yako yuko jirani yako, mama mwenye watoto wanne, aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Ukiwa mkali kupita kiasi, utamrudishia majani ambayo kiwanda kingeyapokea bila shida, na jasho lake litamwagwa mtaroni. Ukiwa mlegevu ukapokea kila kitu, gari litajaa majani magumu, chai ya kiwanda kizima itashuka bei, na bonasi ya mwisho wa mwaka itapungua kwa wote, yule mama akiwa miongoni mwao.

Bonasi si jambo dogo huku. Kwa miaka mingi wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, yaani Kericho, Bomet na majirani wao, wamekuwa wakilipwa chini ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya, na kila inapotangazwa utasikia manung’uniko. Sababu zinazotajwa ni nyingi, na ubora wa majani hauachwi nje ya mazungumzo hayo. Ndiyo sababu mstari ule wa karani, wa kukubali na kukataa, unazungumzwa jikoni na kanisani. Uweke juu mno au chini mno, kuna mtu atakayeumia.

Ndani ya kiwanda

Ukiomba ruhusa mapema, unaweza kutembezwa kiwandani. Utavishwa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, na utaombwa uvue saa na mapambo. Harufu itakupokea mlangoni, harufu ya majani yaliyokatwa iliyochanganyika na moshi wa kuni za mikaratusi.

Kwanza majani hutandazwa kwenye vitanda virefu vyenye feni chini yake yanyauke, kazi inayochukua saa 12 hata 18. Halafu yanaingia kwenye mitambo ya CTC. Herufi hizo tatu zinasimamia kukata, kurarua na kukunja, na mtindo huo ulibuniwa Assam, India, karibu mwaka wa 1930. Ni jozi za magurudumu ya chuma kisichoshika kutu yenye meno madogo, yanayozunguka kwa kasi tofauti. Meno yakiwa butu, jani linapondwa badala ya kukatwa, kwa hiyo mafundi huyanoa kila baada ya muda.

Kinachotoka ni chembechembe za kijani. Zinaachwa zipate hewa kwa saa moja na zaidi, nazo zinageuka rangi ya shaba mbele ya macho yako. Kisha zinakaushwa kwa hewa ya moto mpaka unyevu ubaki takriban asilimia tatu. Kwa jumla, kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu.

Hata baada ya hayo chai haijawa safi. Tia kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe utaona: kati ya chembe nyeusi kuna vijiuzi vya rangi ya kahawia nyekundu. Hizo ni nyuzi za vikonyo na za yale majani magumu. Hazina ladha, na mnunuzi akiziona anashusha bei.

Njia ya zamani ya kuzitoa inafurahisha, na watoto wataielewa mara moja. Umewahi kusugua kalamu ya plastiki kwenye nywele ukaiona ikinyanyua vipande vya karatasi? Basi kiwandani kuna magurudumu ya plastiki yanayosuguliwa na kitambaa kizito huku chai ikipita chini yake. Nyuzi, kwa vile ni nyepesi, zinaruka na kunasa. Kando yake kuna sumaku, ambazo kazi yake ni kunasa chembe za chuma zilizokwanguka kutoka kwenye meno ya mitambo.

Jicho la mashine

Viwanda kadhaa vya chai sasa vimeongeza mtambo mwingine, nao ndio uliotuleta hapa. Kwa nje ni kama kabati refu la chuma. Ndani yake chai inamiminwa kutoka juu, ikateleza kwenye mifereji myembamba mpaka kila chembe iwe inaanguka yenyewe. Inapoanguka, taa kali zinaimulika na kamera zinaipiga picha. Kompyuta inaisoma rangi ya kila chembe na kuilinganisha na kipimo ilichopewa. Iliyo nyeusi inaachwa iendelee na safari. Ikiwa ni ya kahawia, vali ndogo inafunguka chini ya kamera, na pumzi ya hewa iliyoshindiliwa inaipiga chembe ile moja na kuisukumia kando. Yote hayo hutendeka kabla hujamaliza kutamka neno “chai”, na kwa maelfu ya chembe kwa pamoja.

Akili ya jicho hili haikuzaliwa kwenye chai. Ina ndugu zake katika viwanda vingi, na ndugu mmoja mkubwa yuko kwenye chuma. Tazama paa la kile kituo cha kununulia, au la nyumba yoyote huku: ni mabati. Kabla ya kuwa bati, chuma kilikuwa tofali kubwa lililopashwa moto likawa jekundu, likapitishwa kati ya magurudumu mazito hadi likawa utepe mwembamba. Katika viwanda vikubwa vya Japani, Korea, Ujerumani na Uchina, utepe huo hutoka kwa kasi inayoweza kupita kilomita 60 kwa saa. Hapa kwetu, Mariakani katika Kaunti ya Kilifi, kuna kiwanda ambapo koili za chuma hukandamizwa zikiwa baridi, kisha zikapakwa zinki zisishike kutu.

Fikiria sasa umeambiwa usimame kando ya utepe mwekundu unaokimbia kama matatu ya Kericho, utafute mkwaruzo mwembamba kama unywele. Huwezi. Joto litakufukuza na macho yatachoka kabla ya saa moja kuisha. Lakini mkwaruzo ule ukipita, utakutwa baadaye kwenye mlango wa gari, au utakuwa mahali pa kwanza pa bati kuanza kutu. Ndiyo maana kamera na taa zilifungwa juu na chini ya utepe, zikaachiwa kazi ya kutazama.

Na kamera ilijuaje mkwaruzo ni nini? Ilifundishwa. Katika Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Shenyang, Uchina, watafiti walikusanya picha 1,800 za uso wa chuma na kuzigawa katika mafungu sita ya picha 300 kila moja: magamba yaliyokandamizwa ndani, mabaka, mitandao ya nyufa, vishimo, uchafu uliomezwa na chuma, na mikwaruzo. Picha hizo zimetumiwa na wanafunzi na mainjinia wa nchi nyingi kuzifundisha kompyuta zao. Angalia basi, msomaji: kabla ya mashine kuona, kuna mtu aliyekaa chini akaitazama picha na kusema, “Hii ni nyufa, ile ni mikwaruzo.” Jicho la mashine limeazimwa kwa watu.

Nani anaweka mstari?

Rudi sasa kwenye kabati letu la chai. Kila inapobadilika aina ya chai, fundi huchukua sampuli ya chembe nzuri na sampuli ya nyuzi, akaionyesha mashine, kisha akaweka kipimo. Akikaza sana, mashine itapuliza nje chai nzuri pamoja na takataka, na hiyo ni hasara. Akilegeza, nyuzi zitapita. Anaangalia kinachotupwa na kinachobaki, anarekebisha kidogo, anaangalia tena.

Umeona? Ni mtihani ule ule wa karani pale kituoni. Mashine imebeba kazi ya kutazama, tena inaifanya bila kuchoka, bila kusinzia saa nane za usiku na bila kujua shemeji ya nani yuko kwenye foleni. Lakini mstari wa kukubali na kukataa bado unawekwa na mkono wa mtu. Anayeweka mstari ndiye anayeamua nani atapata hasara, na mkulima ana haki ya kujua uko wapi.

Kuna jambo la pili ambalo mashine hii haiwezi. Haiwezi kuigeuza nyuzi iwe chai. Kilichochumwa kikiwa kigumu kitatolewa mwishoni kikiwa kimeshachumwa, kimebebwa, kimekaushwa kwa kuni na umeme vilivyolipiwa. Maji yakishamwagika hayazoleki. Kiwanda chenye jicho la bei ghali lakini chenye majani mabaya kitabaki na marundo makubwa ya takataka zilizochambuliwa kwa ustadi.

Nalo hofu si la kuchekwa. Mashine za kuchuma, ambazo hupita juu ya michai zikikata kama zinanyoa, zimetumiwa katika mashamba makubwa ya huku kwa miaka mingi, na watu waliokuwa wakiishi kwa vikapu vyao wamepoteza kazi. Mnamo Mei 2023 hasira ilifurika Kericho: mashine za kuchumia zilitiwa moto na mwandamanaji mmoja akafariki. Mashine ya kuchuma haichagui; hukata kila kilicho juu ya kimo, kizuri na kibaya pamoja. Ukiyaondoa macho ya mchumaji mwanzoni, itabidi ununue macho mengine mwishoni. Hesabu hiyo inafaa kupigwa waziwazi, na yule mama wa kikapu awemo katika mkutano.

Ulimi wa Mombasa

Jicho la mwisho si jicho. Chai ikishachekechwa katika daraja zake, kama BP1 yenye chembe kubwa, PF1 iliyo ndogo kidogo, PD na D1, hupakiwa mifukoni na kuteremka hadi Mombasa. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mnamo 1956 ukahamia Mombasa mnamo 1969, na ununuzi wenyewe sasa hufanywa kwa kompyuta. Hata hivyo, kabla ya bei kutajwa, waonjaji hupanga vikombe vyeupe kwa safu, wakamimina maji yanayochemka, wakasubiri dakika chache, kisha wakavuta kijiko kwa kishindo ambacho mama yako angekukemea kwacho mezani. Wanatazama rangi, wananusa, wanaonja, wanatema, wanaandika. Mashine ya Kericho inajua rangi ya chembe. Ukali wa chai ulimini bado unaamuliwa na mtu.

Kwa wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, hapa kuna jambo la kuwaza. Kericho kuna taasisi ya utafiti wa chai, na kuna Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati yake mnamo 2013. Mashine nyingi za kuchambua kwa rangi zinatengenezwa ng’ambo, na aliyezitengeneza hakuwahi kuliona jani la Konoin baada ya mvua ya mawe. Kijana anayelijua jani kwa vidole na kompyuta kwa akili ana kazi inayomngoja: kukusanya picha za majani yetu, kuzipa majina, na kuifundisha mashine kasoro zetu kwa maneno yetu. Pale Shenyang walianza na picha 1,800 tu.

Nanyi wazazi, jaribio la nyumbani halihitaji nauli. Jioni ya leo mwageni kijiko cha majani chai kwenye sahani nyeupe, wape watoto kijiti cha kibiriti kila mmoja, waambieni watenge nyuzi na chembe. Baada ya dakika kumi watakuwa wamebishana: hii ni nyuzi, hapana, hiyo ni chai. Waacheni wabishane mpaka wakubaliane wenyewe mstari uwe wapi. Kisha chemsheni maji, tieni maziwa, mnywe.